Mluzi wa Kipindi cha Bustani

19 Mei 2003. Kambini, karibu na uwanja wa ndege wa Bunia

Mvua tangu alfajiri. Hema linavuja upande wangu, si upande wa Denise, mama aliyetoka Djugu ninayelala naye mgongo kwa mgongo. Ninaandika kwa sababu nisipoandika nitagombana na mtu, na humu watu wamekwisha kugombana vya kutosha.

Mume wangu Théodore hajaonekana. Siku vita vilipoingia mjini alikuwa ametoka kwenda kumwangalia dada yake Marie-Claire karibu na soko kubwa. Alisema, "Nitarudia mbele ya chakula kuiva." Risasi zikaanza, barabara zikafungwa, sisi watu wa mtaa wa Shari tukakimbilia huku kwa askari wa Umoja wa Mataifa na vitu tulivyoshika mkononi. Mimi nilishika sufuria yenye wali ambao haujaiva na pasi ya makaa. Pasi ya nini, Mungu ndiye anajua.

Wengine wanasema watu wa upande wa soko walichukua njia ya Komanda kwa miguu, wakielekea Beni. Wengine hawasemi kitu, wananitazama tu na kutikisa kichwa. Hao siwapendi kabisa.

22 Mei

Mvua. Maharage.

25 Mei

Denise hapati usingizi. Yeye na binti yake Gracia walipotezana njiani. Akaniomba nimsimulie kitu chochote ambacho hakina bunduki ndani. Nikamsimulia televisheni ya Waingereza.

Tulikaa kule Uingereza, mji wa Reading, Théodore alipotumwa kusomea kilimo, tukiwa bado vijana. Chumba chetu kilikuwa baridi kama kaburi, lakini kilikuwa na televisheni ya kukodi iliyokula sarafu. Ukiisahau sarafu, mtangazaji anazimika katikati ya neno. Mimi Kiingereza sikujifunza shuleni, nilijifunza kwa wale watangazaji. Kulikuwa na mama mmoja mwenye shanga nyeupe shingoni ambaye kazi yake ilikuwa kukuambia kipindi gani kinafuata. Hiyo tu! Anakaa wima, anatabasamu kidogo, anakwambia, kisha anaondoka. Hakohoi, hakuni pua, hasemi "eee." Kulikuwa na bwana wa hali ya hewa aliyebandika mawingu ya sumaku kwenye ramani, na siku nyingine wingu linaanguka naye anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Usiku wakifunga wanapiga wimbo wa malkia, na Théodore anasimama ameshika blanketi, eti ni heshima.

Kipindi alichokipenda yeye kilikuwa cha bustani, kila Ijumaa. Mzee mwenye buti za matope anaonyesha jinsi ya kupanda vitunguu. Kabla yake unakuja muziki: sauti nne zinapanda, zinasimama kidogo, halafu zinashuka taratibu kama mtu anayerudi nyumbani amechoka. Sijawahi kuusikia tena popote, isipokuwa mdomoni mwa mume wangu. Ameupiga mluzi miaka yote hii.

Denise alisinzia nilipofika kwenye vitunguu.

31 Mei

Hakuna habari. Kwenye foleni ya maji nimemtukana mama mmoja, halafu nimemwomba msamaha, halafu ameniruka kwenye foleni. Nimemtukana tena.

8 Juni

Askari wa Ulaya wanashuka na ndege, Wafaransa wengi. Watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kisha nikaenda kuulizia walio njia ya Komanda. Askari aliniambia kwa adabu sana kwamba hajui Komanda iko wapi.

19 Juni. Nyumbani, Shari

Nimerudi. Nyumba imesimama, asante Mungu. Mabati hayajatolewa. Vitanda, masufuria, nguo, viti, vyote vimekwenda, hata televisheni yetu mbovu ambayo ilikuwa meza ya maua tu. Ninawatakia usiku mwema wakijaribu kuiwasha.

Geti la bati wameliacha. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Tangu vita vya kwanza hakuna mtu wa mtaa huu anayefungulia hodi, kwa sababu wezi nao wanasema hodi, na kwa sauti nzuri kuliko wachungaji. Kila nyumba ina alama yake. Kwa Gracieuse, jirani yangu, ni kugonga kwa kijiwe. Kwetu ni mluzi wa kipindi cha bustani. Théodore akiupiga, mimi ninafungua hata kama ninaota. Asipoupiga, hata askofu atalala nje.

Sasa ninalala na sikio moja getini.

2 Julai

Rémy amekuja. Huyu ndiye mwenye redio ndogo nyuma ya kanisa, ile iliyonyamaza tangu Mei. Kumbe alificha mashine na mikrofoni chini ya mahindi ya mama yake, na wezi walichukua mahindi ya juu tu. Anataka kufungua tena, saa moja kila jioni, kwa ajili ya watu waliopotezana. Watangazaji wake wote wako Uganda.

"Mama Dorothée, weye unajua kusema muzuri. Njoo utusaidie."

"Niliona watu wakisema muzuri. Mimi mwenyewe sijawahi."

"Ni sawasawa tu, mama. Hapa hata kuona hatujaona."

Nilikubali mbele yake bila haraka. Alipoondoka nilicheza peke yangu jikoni. Redio inafika mbali, mpaka vijiji vya pembeni, na mbele ya mikrofoni mtu anaweza kumwita mtu.

5 Julai

Nimeona studio. Rémy anapuliza mikrofoni, fuu fuu, anasema "allô, allô," anakula karanga na kutafuna kunasikika. Nikamwambia karanga zikae nje ya mlango. Ameudhika lakini zimekaa nje.

Halafu tukapata tatizo la kweli. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika tangazo langu la kwanza: jina la Théodore, la baba yake, kijiji chake, barabara niliyodhani amepita. Rémy akalisoma, akakunja karatasi.

"Mama, hii hatuwezi kusoma."

"Juu ya nini?"

"Jina ya mutu inasema kwao ni wapi. Tukisema fulani mwana wa fulani iko ku njia ya Komanda, tumeonyesha wabaya mutu na njia yake. Nao wako na redio."

Nilitaka kumpiga na zile karanga. Lakini ana haki. Mwezi huo wa Mei watu waliulizwa majina njiani, na jibu liliua. Kwa hiyo hakuna majina, hakuna vijiji, hakuna barabara. Sasa tutangaze nini? "Mama fulani anatafuta mtu fulani"? Bunia nzima ni mama fulani anayetafuta mtu fulani.

6 Julai

Sikulala, nikafikiri geti. Kama kila nyumba ina alama yake ya kufunguliwa, basi kila nyumba ina muziki wake wa kipindi. Waingereza walikuwa hawataji jina la kipindi mpaka muziki uishe, na mtu aliye jikoni alijua tayari ni nini, anaacha vyombo anakuja. Watu walete alama zao. Kijiwe, kikohozi, jinsi ya kuita kuku. Adui akisikia atasikia kelele. Mwenyewe akisikia atajua.

Asubuhi nilimweleza Rémy. Akasema, "Mama, hii ni wazimu ya muzuri."

10 Julai

Kipindi cha kwanza. Lazima niandike yote.

Nilitaka kipindi kifunguliwe na muziki wa bustani, kwa kinanda cha kanisa. Nilimwimbia Rémy, akaupata vizuri, kisha akaongeza ngoma ya kwaya chini yake. Nikasema toa ngoma. Akatoa, akaongeza kengele. Nikasema Rémy, ni vitunguu hivi, si Pasaka. Jioni ilipofika, betri ya jua haikuweza kubeba kinanda na mashine pamoja, na saa ya kwenda hewani ilikuwa imefika. Taa nyekundu ikawaka. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kibaya hivyo, na nimekaa kambini.

Basi nikaupiga mluzi mwenyewe.

Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Mama yangu alisema unaita nyoka. Bibi yangu alisema unaita kifo cha mume, na hilo nililikumbuka nikiwa nimekwisha kufikia sauti ya tatu, nikaona nikiishia hapo ndio itakuwa mbaya zaidi. Nikamaliza wote. Kisha nikakaa wima, nikasema, "Habari za jioni. Hapa ni Bunia."

Wa kwanza alikuwa Denise. Aliita nguruwe wake jinsi alivyozoea kuwaita na Gracia kila jioni: krrr, krrr, halafu neno moja la kwao. Aliita mpaka akaanza kulia, nami nikachukua mikrofoni taratibu, nikasema, "Mwenye kujua sauti hii anangojewa na mama yake ku redio." Wa pili Muzee Osée, katekista wa upande wa Bogoro, aligonga rimu ya gari kama alivyogonga kuitia watu sala. Anamtafuta mkewe.

Niliporudi, Gracieuse alikuwa kwenye geti amejishika kiuno.

"Mwanamuke anapiga muluzi ku redio! Bunia yote imesikia!"

"Nilitaka wasikie."

"Unaita nyoka, Mama Dorothée!"

"Ikija nitaiuliza kama imemuona Théodore."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia, mara ya kwanza tangu Mei.

15 Julai

Mchungaji amehubiri juu ya wanawake na mluzi. Hakutaja jina. Kila mtu alinitazama.

21 Julai

GRACIA AMEPATIKANA! Alikuwa parokiani, mwendo wa siku moja kutoka hapa, akiosha vyombo vya masista. Dereva wa masista alikuwa amewasha redio uani. Msichana akasikia nguruwe wao, akaangusha sahani. Leo wameingia studio wameshikana, Denise anampiga mgongoni na kumbusu, anampiga na kumbusu. Nimefurahi, nasema kweli. Nimefika nyumbani nikafurahi tena. Kisha nikalia kwa wivu, nikanawa uso.

24 Julai

Foleni mpaka barabarani. Watu wanaleta filimbi, matari, namna ya kupiga chafya. Bwana mmoja anaiga mlango wake wenye kutu, na ameuiga vizuri kuliko mlango wenyewe. Wengine wawili wamepatikana. Muzee Osée bado. Hugonga rimu yake, ananipa mkono, anatoka.

28 Julai

Leo jioni, sufuria jikoni, nikasikia getini sauti nne zikipanda, zikasimama, zikashuka.

Sijui nilifikaje. Nilifungua geti kwa mikono yenye unga. Alikuwa mwuza sabuni, anapita zake, anapiga mluzi. "Mama, kunaendaje?" Nikanunua sabuni kwa sababu sikujua la kufanya.

30 Julai

Mara nyingine tena. Wanawake waliotoka kisimani, wanapiga mluzi kwa pamoja na kucheka, kwa sababu mchungaji amekataza.

4 Agosti

Mji mzima umeuchukua. Wabeba mizigo wanaupiga, wapanda pikipiki wanaupiga, leo askari Mfaransa juu ya gari la vita aliupiga akiniangalia moja kwa moja bila kunijua. Rémy anaona fahari. Anasema hakuna redio hata Kinshasa yenye muziki unaojulikana hivi.

Yeye haelewi. Ule ulikuwa ufunguo wa nyumba yangu, na nimempa kila mtu nakala. Théodore akija sasa nitamjuaje? Nilitaka asikie yeye mmoja, wamesikia wote isipokuwa yeye.

9 Agosti

Mvua zimeanza tena. Mluzi getini mara mbili. Sikutoka.

13 Agosti

Lori limefika kutoka Beni, la kwanza kwa muda mrefu. Nilimwuliza dereva. Ni mtu mwema, hakutaka kuniumiza. Alisema walioshika ile njia mwezi wa Mei, wazee hasa, wengi walibaki msituni. Njaa, homa, mvua. Théodore ana miaka sitini na moja na kifua kibovu.

Wanasema subira huvuta heri. Aliyesema hivyo mume wake alikuwa amelala chumba cha pili.

Jioni nilisoma kipindi. Nilikaa wima. Sikukohoa. Wingu lilianguka kwenye ramani nami nikaendelea.

16 Agosti

Nimemgombeza Rémy hewani. Alirudisha karanga, nikasikia tafu, tafu katikati ya alama ya mtu, nikasema mikrofoni ikiwa wazi: "Rémy, weka karanga nje ao toka weye mwenyewe!" Mji mzima umesikia. Nimeona haya, lakini karanga zimetoka.

18 Agosti

Leo niliketi kuandika nikaacha, nikarudi, nikaacha. Sasa ni asubuhi ya pili, kwa hiyo tarehe ni kumi na tisa. Haidhuru.

Mvua ilikuwa inanyesha mchana. Nilikuwa naosha vyombo barazani, nimechoka na kila kitu. Mluzi ukaja getini. Sikuinua kichwa. Ukaja tena. Nikapiga kelele, "Mupite! Hapa haiko kwaya!" Ukaja mara ya tatu, pole pole, kwa dharau kabisa. Hasira ikanipanda. Nikabeba beseni la maji ya vyombo, nikapanda jiwe tunalolitumia kuchungulia nje, nikayamwaga yote juu ya geti.

Nje mtu akakohoa, akatema mate. Akasema:

"Dorothée. Nimetembea toka Beni, mvua ilikuwa inatosha."

Sikumbuki kufungua. Gracieuse anasema nilipiga yowe akadhani vita vimerudi, akaingia chini ya kitanda. Nakumbuka alikuwa mwepesi, mbavu zake zote zilikuwa mikononi mwangu, na punje za wali kichwani kwake. Nilikuwa namfuta na kumtukana. Nilimwita kila jina baya ninalolijua kwa lugha nne. Alikubali kila moja kuwa ni lake, "Njo mimi. Njo mimi."

Alikula kwanza. Nilimkataza kusema mpaka amalize. Kisha akaniambia.

Marie-Claire yuko Beni, anauza mboga, ni mzima. Yeye Théodore aliugua miezi hiyo yote kwenye nyumba ya wasamaria. Mwezi wa Julai akafika mtu wa Shari, mtu anayetufahamu, akamwambia mtaa wetu umekwisha, wanawake waliobaki wamezikwa nyuma ya shule, na mimi ni mmoja wao. Aliapa. Théodore alimwamini. Alingoja tu miguu ipate nguvu.

"Sikurudia nyumbani, Dorothée," alisema. "Nilikuja kutafuta kaburi."

Hakupanda lori kwa sababu hakutaka kufika haraka. Alitembea, analala parokia hadi parokia. Jana asubuhi, mahali ambapo barabara inaingia mjini, alikuta mama mmoja anauza makaa. Mama yule anapanga mafungu yake na kupiga mluzi. Théodore alikasirika kwanza kwa sababu ni mwanamke anapiga mluzi, ndivyo alivyo. Kisha akasikia ni mluzi gani.

Akamwuliza, "Mama, hiyo ulitoa wapi?"

"Ni ya mama wa redio."

"Mama gani?"

"Yule wa Shari, anasema kama Muzungu. Bwana yake alipoteaka."

Akamwuliza, "Yeye iko muzima?"

Yule mama akamtazama kama mjinga. "Iko? Juzi alimugombeza Rémy mbele ya Bunia yote juu ya karanga!"

Théodore akakaa pale pale, juu ya gunia la makaa la yule mama, akalia. Mama alimwacha alie, ila alimwomba asogee kidogo, wateja wanapita. Suruali yake nyuma ni nyeusi mpaka sasa. Sitaifua leo.

20 Agosti

Rémy alisema nipumzike, nikakataa, Muzee Osée na wengine wanangoja. Théodore alikuja nami, akaketi nje chini ya dirisha, karibu na karanga.

Taa nyekundu ikawaka. Nikakunja midomo kupiga mluzi, na hewa ikatoka bila sauti. Nikajaribu tena. Sikujua jambo hili umri wangu wote: mtu anayetabasamu hawezi kupiga mluzi. Kila nikikusanya midomo, inakimbia yenyewe. Rémy ananipigia ishara kwa mikono miwili, muziki uko wapi, muziki uko wapi, nami nikaanza kucheka. Nilicheka hewani, mikrofoni wazi, mbele ya mji mzima na vijiji vyake vyote. Yule mama mwenye shanga nyeupe angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Nilipopata pumzi nikasoma tangazo la kwanza, kwa sheria yetu, bila jina, bila kijiji, bila barabara: "Mama mmoja wa Bunia amepata muzee wake." Kisha nikamkaribisha Muzee Osée na rimu yake, nikamsogezea mikrofoni karibu zaidi kuliko siku zote.